Majivu Yaachwe Pale Yalipopakwa

Jumatano ya Majivu mwaka huu, karani mmoja wa kike katika ofisi moja hapa mjini Nakuru aliamriwa na mkubwa wake aende msalani akapanguse uso. Alikuwa ametoka Misa ya alfajiri, akiwa na alama ya majivu ya kuanza Kwaresima kwenye paji la uso. Nilikuwa kwenye foleni, nikamwona akirudi: paji la uso limewiva kwa kusuguliwa, na majivu kidogo bado yamenasa kwenye nyusi ya kushoto. Sababu aliyopewa ni kwamba wateja ni wa dini zote. Nilikasirika, na sijapoa mpaka leo.

Hakuna mteja aliyelalamika. Nyuma yangu alisimama mama wa dhehebu la Akorino na kilemba chake cheupe, na hakuna aliyemwambia akivue, wala hapaswi kuambiwa. Kifungu cha 32 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kudhihirisha dini yake hadharani. Hilo la sheria liishie hapo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mkubwa huyo ni Mkatoliki. Anapokea Komunyo Jumapili. Na hayuko peke yake. Tazameni saa ya chakula cha mchana hotelini: mtu mzima, mwenye ubatizo na kipaimara, anafanya ishara ya msalaba ndogo kama anayefukuza nzi kifuani, macho yakizunguka kuona nani anamtazama. Tunamwogopa nani?

Nitaambiwa imani ni ya moyoni. Wengine watanitajia Injili ya siku hiyohiyo, Mathayo sura ya 6, ambapo Yesu anamwambia anayefunga apake mafuta kichwani na kunawa uso. Nakubali, andiko lipo, na linamgusa kila anayejionyesha. Lakini Yesu aliwasema watu waliotafuta sifa. Karani yule alipata sifa gani? Aliaibishwa mbele ya foleni nzima.

Mimi nataka majivu yaonekane kwa sababu yanamfunga aliyepakwa. Karani mwenye majivu usoni akikuambia faili haipatikani mpaka utoe kitu kidogo, ofisi nzima inaona anachokifanya na anachokivaa kwa pamoja. Dereva aliyetundika rozari kwenye kioo cha matatu anapomkabidhi askari noti iliyokunjwa, abiria wanaiona ile rozari, na yeye anajua wanaiona. Aibu hiyo ni neema. Imani iliyofichwa haimdai mtu chochote kazini. Unaweza kuiba nayo mwaka mzima na jirani asijue kuna ahadi uliyoivunja.

Na jimbo letu Katoliki la Nakuru lina deni katika jambo hili. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeliongoza tangu 1971 hadi 1996, angeweza kusali kimya wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990. Aliikemea serikali ya siku hizo waziwazi, jina lake na cheo chake vikijulikana. Padre John Kaiser, Mmarekani wa shirika la Mill Hill, alikaa na waliofurushwa kwenye kambi ya Maela, kisha akawataja wakubwa mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza mapigano hayo. Agosti 2000 mwili wake ulikutwa kando ya barabara karibu na Naivasha, na mwaka 2007 mahakama ikaamua kwamba aliuawa. Tunapita huko kila tukienda Nairobi, tumeshika simu, na ni wachache wanaomwombea. Mtu alitoa uhai wake kwa kusema alichokiamini mbele ya wenye nguvu, nasi tunashindwa kubeba alama ya kidole kimoja mpaka jioni!

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba tutajaa Subukia, kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, tutaimba, tutateka maji ya chemchemi. Ni jambo jema na nitakuwepo. Lakini pale kila aliye kando yako ni Mkatoliki mwenzako. Kazi iko Jumatatu, kaunta ikifunguliwa.

Nimemwomba mwenyekiti wa jumuiya yetu tulizungumze hili kabla ya Kwaresima ijayo, wenye maduka, walimu na wenye ofisi wakiwepo. Nitamuuliza kila mmoja wao: walio chini yako wanajua wewe ni Mkatoliki? Na wamelijulia wapi?