Mlipe Fundi Kazi ya Kutafuta

Pikapu ya dizeli ikianza kukata umeme na kurudisha yenyewe, Nairobi nzima inajua kitakachofuata: betri mpya, kisha alternata inayoichaji, kisha stata. Pesa zimeisha, na bado inazimika kwenye tuta.

Watu hupenda kuwalaumu mafundi wa Grogan, mtaa wa gereji na spea hapa Nairobi. Mimi nawalaumu wenye magari. Fundi akishinda nusu siku amelala chini ya dashibodi akifuata waya, mwishowe akakaza nati moja, tunamwuliza, "Kwani umefanya nini?" halafu tunampa ya chai. Akitufungia betri tunalipa bila kunung'unika, kwa sababu betri inaonekana. Basi naye anauza kinachoonekana.

Ila betri iliyochoka haipati nguvu ghafla eti kwa kuwa umepita shimo. Umeme unaokatika na kurudi mara nyingi umekwama kwenye maungio: kichwa cha betri kilicholegea, waya wa athi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha gari, ulioliwa na kutu pale unapofungwa kwenye chesi, soketi ya fyuzi iliyoungua kidogo. Injini ya dizeli hutikisika sana, stata yake huvuta mamia ya ampea, na pikapu inayoshusha kabichi za Limuru hadi soko la Marikiti haikosi mashimo ya kuilegeza.

Fundi anayejua kazi huanza kwa kuuliza: ilipozimika, taa kubwa nazo zilienda? Kwenye pikapu nyingi taa hizo hazipitii swichi ya ufunguo. Zikibaki zinawaka huku dashibodi imekufa, tafuta kwenye swichi, fyuzi zake na waya zinazotoka hapo. Kila kitu kikienda kwa pamoja, rudi kwenye betri, athi na fyuzi kuu. Na usisahau kwamba hata injini nyingi za zamani zenye pampu isiyo na kompyuta zina solenoidi, yaani vali ya umeme inayofungua dizeli; ikikosa umeme wa ufunguo, injini inazima ukiwa barabarani.

Hapo kwenye waya za ufunguo ndipo penye mambo ya hapa kwetu. Traka ya kufuatilia gari, alamu, swichi ya siri ya kuzuia wezi: kila aliyeweka chake alikata waya uleule, akausokota na kuufunga tepu. Tepu ikipata joto inaachia. Mimi ningefungua hapo kabla ya kugusa spea yoyote.

Kisha mita ya volti. Weka ncha moja juu ya nguzo ya hasi ya betri yenyewe, si juu ya kichwa cha waya, na nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu mtu apige stata. Ikipita kama volti 0.3, athi yako ni mbovu, hata kama kwa macho inang'aa. Baadaye washa taa na utikise waya kipande kwa kipande huku mwenzako akiangalia namba.

Kuna kipimo kimoja ambacho sitakaa nikiangalia kikifanywa kwenye gari langu: kuchomoa waya wa betri injini ikinguruma ili "kuona kama alternata inachaji". Volti zinaweza kuruka ghafla na kuua diodi za alternata, na kwenye pikapu za kisasa hata kompyuta ya injini.

Kwa hivyo patana bei ya kutafuta kabla boneti haijafunguliwa, hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Unaogopa atavuta muda? Mpe kikomo cha saa, na umwambie unataka kuona namba. Alternata nayo huharibika, sikatai; kwenye dizeli nyingi za zamani imebeba mgongoni pampu ya vakumu inayosaidia breki, na oili ikivuja humo inalowesha brashi za ndani ya alternata. Lakini akisema ni hiyo, akuonyeshe kwenye mita wakati tatizo lipo. Injini ikinguruma, taa zimewaka, na mita kwenye betri inasoma kati ya volti 13.8 na 14.5, bado hujafika pa kununua alternata.