E.S.T. wa Uswidi: ile ilikuwa jazi kweli?

Mei 2006 jarida la DownBeat la Marekani, linaloandika habari za jazi tangu 1934, liliwaweka jaladani Waswidi watatu: mpiga piano Esbjörn Svensson, mpiga besi Dan Berglund na mpiga dramu Magnus Öström. Kwa pamoja waliitwa Esbjörn Svensson Trio, kwa kifupi e.s.t. Hakuna bendi ya jazi ya Ulaya iliyokuwa imewahi kupewa nafasi hiyo, na kichwa cha habari kilitangaza kwamba Ulaya inavamia. Wengi walikereka, na sidhani walikereka bure. Muziki uliobuniwa na Wamarekani Weusi, ambao wengi wao waliuhangaikia maisha yao yote bila kuona jalada la jarida lolote, sasa unatangazwa kuvamiwa, tena kwa shangwe.

Ila jalada si muziki. Swali linalobaki ni kama kile walichopiga watu hawa watatu, tangu walipoanza 1993 hadi Svensson alipofariki Juni 2008 katika ajali ya kupiga mbizi karibu na Stockholm akiwa na miaka 44, kinastahili kuitwa jazi.

Wakosoaji wana hoja mbili. Ile ya moshi na taa za jukwaani naipita haraka. Ni kweli walipanda jukwaani kama bendi ya roki, na video ya wimbo wao "Dodge the Dodo" ilichezwa MTV huko Skandinavia. Lakini Duke Ellington, kiongozi maarufu wa bendi ya jazi ya Marekani, naye aliivalisha bendi yake ikameremeta, na hakuna aliyemnyima jina la mwanajazi kwa sababu hiyo.

Hoja nzito ni ya bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi ambao jazi ilichipukia humo. Jazi ya Marekani, hata ile ngumu kabisa, ina mahali inaporudi: yale mapigo yanayoyumba, zile noti zilizopindwa, kile kilio kinachochanganyika na mzaha. Kwa e.s.t. vitu hivyo ni haba. Mara nyingi Öström anapiga mapigo yaliyonyooka, ya roki au ya muziki wa disko, na piano ya Svensson iko karibu zaidi na nyimbo za kanisani na za kijijini kwao kuliko na bluzi. Halafu kuna umbo la nyimbo zenyewe. Kipande kifupi cha piano kinaanza polepole, kinarudiwa, besi linaingia chini yake, dramu zinaongeza kasi, joto linapanda mpaka linalipuka. Aliyekulia kwenye sebene anaijua hila hii vizuri sana. Tofauti ni kwamba sebene inapopamba moto watu wako uwanjani wanacheza, ilhali hawa walipigia watu waliokaa kwenye viti. Ukisikiliza albamu zao tatu mfululizo unaanza kukisia mlipuko utakuja lini, na mara nyingi unapatia. Kwangu mimi Viaticum ya 2005 ndiyo inayoelemewa zaidi na mtindo huo: huzuni nzuri, lakini huzuni ileile.

Wanaowatetea hujibu kwa kurudi nyuma, na hapo wana mali nyingi. Mwaka 1951 mpiga saksofoni wa Marekani, Stan Getz, alikwenda Stockholm akarekodi na Waswidi wimbo wao wa asili, "Ack Värmeland, du sköna". Mwaka uliofuata mpiga tarumbeta Miles Davis akaurekodi, na hadi leo wanajazi wa Marekani wanaupiga kwa jina la "Dear Old Stockholm". Mwaka 1964, mwaka aliozaliwa Svensson, ikatoka Jazz på svenska ya mpiga piano Jan Johansson: nyimbo za asili za Kiswidi, piano na besi la Georg Riedel basi, hakuna dramu. Hadi leo ni miongoni mwa albamu za jazi zilizouzwa sana nchini humo. Kwa hiyo ule upole wa e.s.t. haukuchotwa kwenye pop. Na anayedai kwamba hawakujua mizizi hajaisikiliza albamu yao Plays Monk ya 1996, walipozichukua nyimbo za Thelonious Monk, mwanajazi wa Marekani ambaye piano yake ni mitego mitupu, wakazipiga bila kujikwaa.

Mimi hata hivyo naona hoja yao bora iko kwenye mlio kuliko kwenye historia. Mwangalie Berglund. Anashika besi la mbao, lile kubwa la kusimama nalo, anachukua upinde, anapitisha sauti kwenye pedali ya gitaa la umeme, na besi linanguruma utadhani ni gitaa la roki. Wakati huohuo Svensson ameinama, mkono mmoja uko ndani ya piano unabana nyaya, mwingine unabonyeza vibao, na kinachotoka ni mgoto mkavu ulio nusu ngoma. Fundi wao wa sauti, Åke Linton, aliyahesabu mambo haya kama sehemu ya utunzi, na wapenzi wao walimhesabu yeye kama mwanabendi wa nne. Trio ya mpiga piano wa Marekani Bill Evans ilikwisha kuonyesha mwaka 1961, pale klabu ya Village Vanguard jijini New York, kwamba besi na dramu si watumishi wa piano. E.s.t. walilichukua wazo hilo wakaliingiza kwenye nyaya za umeme. Hapo ndipo ninapowaita wanajazi bila kusita, kwa sababu jukwaani, kama inavyosikika kwenye albamu Live in Hamburg iliyotoka 2007, hawafichi kwamba wanatafuta, na si kila wanachokitafuta wanakipata.

Kisha kuna Leucocyte. Januari 2007 waliingia studio huko Sydney, wakapiga bila kupanga, na albamu ikatoka 2008 Svensson akiwa ameshazikwa. Ina kelele, ina vipande visivyofika popote, na ndani yake kuna dakika nzima ya kimya. Ile ngazi ya kupanda hadi mlipuko imevunjwavunjwa. Nadhani walikuwa wameyasikia malalamiko, au wamechoka wenyewe.

Waliowafuata, wakiwemo bendi ya GoGo Penguin ya Manchester walioteuliwa kuwania tuzo ya muziki ya Mercury ya Uingereza mwaka 2014, wamerithi zaidi mapigo yaliyonyooka na ile ngazi. Monk hasikiki sana huko. Mkosoaji angesema ndiyo hatari aliyoiona tangu mwanzo, na hapo simbishii.

Ningetakiwa kumbadili mawazo mkosoaji huyo, ningempa Plays Monk, kisha Leucocyte, na kuziruka zote za katikati. Mashabiki wa e.s.t. wangenitoa roho, maana nyimbo wanazozililia ziko hukohuko katikati.