Mibuyu ya Kilifi: tusimlaumu aliyeuza, lakini jirani yake je?

Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi, pwani ya Kenya, iling'olewa mizima mizima ili isafirishwe hadi bustani ya miti ya Shekvetili, katika nchi ya Georgia. Kelele zikapigwa, na Novemba Rais Ruto akaagiza ichunguzwe kama kibali kilitolewa kihalali.

Wenye mashamba, kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, walilipwa kati ya Sh100,000 na Sh300,000 kwa mti. Mimi simlaumu aliyeuza. Mbuyu hula nafasi kubwa shambani, na mahindi hayastawi chini yake. Mbao zake ni sponji tupu iliyojaa maji; ukikauka hubaki nyuzinyuzi, haufai boriti wala makaa. (Huenda ndiyo maana umesalimika na shoka miaka yote hii.) Mila za wazee wanaofanyia matambiko penye mibuyu tunaziheshimu sote, ila haziwalipii watoto karo.

Wanaopinga hutaja tunda, na wana hoja. Unga wake una vitamini C kwa wingi, na tangu 2008 Umoja wa Ulaya umeruhusu uuzwe huko kama chakula. Majani ni mboga, mbegu hutoa mafuta, na gome likichunwa kwa uangalifu kwa ajili ya kamba huota tena. Shida ni kwamba faida hiyo huja kidogo kidogo, tena kwa mtu mwingine. Anayeokota matunda hupata senti. Pesa yenyewe iko kwa anayeyapika mjini kwa sukari, iliki, pilipili na ile rangi nyekundu inayobaki kwenye ulimi wa mtoto hadi jioni.

Hoja iliyonigusa zaidi haikusikika sana. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na popo hubeba chavua yake usiku kutoka mti hadi mti. Kwa kawaida mbuyu hauzai vizuri kwa chavua yake wenyewe. Unahitaji mwenzake aliye karibu. Kwa hiyo ukiondoa miti kadhaa katika eneo moja, jirani ambaye hakuuza chochote anaweza kuona matunda yakipungua, na mche utakaopandwa leo utachukua miongo kuziba pengo.

Hasara hiyo haimo katika mapatano ya mnunuzi na mwenye shamba. Kibali cha kung'oa kingepaswa kupita kwanza kwenye baraza la kijiji, majirani wakiwepo, na sehemu ya malipo iwe yao.