Waacheni Vitwitwi Wale!

Jamani, kuna jambo linaniumiza kila Aprili pale hori ya Mida, mkono wa bahari ulioko Watamu, pwani ya Kenya. Umedamka alfajiri, maji yanajaa, vitwitwi, wale ndege wa pwani, wamesogea karibu na mikoko wakidonoa matopeni. Umetulia na darubini yako. Mara anatokea mtu na simu mkononi, anawakimbilia makusudi ili waruke apate video. Kundi zima linapaa! Ndege hawa wanajinenepesha kwa safari ya kwenda kutaga kaskazini, wengine hadi Siberia. Kila wakifukuzwa wanapoteza nguvu, na maji yakishajaa hawana tena pa kula. Juzi nilimwomba mmoja kwa adabu, akanijibu, "Kwani ni wako?" Si wangu, ndugu yangu. Lakini wana njaa.