Seva Yangu na Ndala ya Kushoto

Aliyeniponza ni shemeji. Alikaa kwenye kochi langu, rimoti yangu mkononi, akanitazama kwa huruma kama anayemtazama mgonjwa. "Shemeji, yaani wewe bado unalipia filamu kila mwezi? Si uweke seva yako hapa nyumbani, kompyuta moja inayotunza filamu zako na kuzirusha kwenye tivii? Dakika 20 tu." Leo ni mwezi wa saba, na dakika 20 zangu hazijaisha.

Mimi si fundi. Ujuzi wangu wote wa kompyuta ni kuzima na kuwasha, na miaka yote umenitosha. Lakini nilikuwa na laptopu kuukuu inayokula vumbi, boksi mbili za DVD, na video za familia zilizotapakaa kwenye simu nne ambazo mbili zimeshakufa. Nikasema kumbe mtaji ninao. Programu ya kuigeuza laptopu iwe seva nayo ni ya bure: Jellyfin. Usiku wa kwanza nikaisoma ukoo wake wote, kwamba wenyewe waliichomoa kutoka programu nyingine ya aina hiyo, Emby, mwaka 2018, Emby walipoacha kutoa msimbo wao hadharani. Nikalala najiona mtaalamu. Historia niliipata mia kwa mia. Kazi ndiyo ikanikaba.

Kwanza Linux, mfumo wa kuiendesha ile laptopu. Inakudai paswedi, unaandika, kwenye kioo hakitokei kitu. Hata nukta! Nikajua kibodi imekufa. Nikang'oa vitufe viwili nikavisugua kwa mswaki. Kumbe ndiyo desturi yake, paswedi yako inafichwa hata wewe mwenyewe usiione. Kitufe kimoja hakikukaa tena sawasawa, sasa nikibonyeza "r" moja zinatoka tatu, na kompyuta hii haina utani kwenye herufi.

Nikanunua diski ya terabaiti 4. Kompyuta ikaihesabu, ikasema 3.6. Nikampigia muuzaji, nikafoka kwamba nimepunjwa. Akacheka. Kiwandani wanahesabu kwa 1,000, kompyuta inahesabu kwa 1,024, na tofauti yao naibeba mimi nisiyekuwepo kwenye kikao.

Basi, diski ipo, filamu zimo, seva inasema haioni kitu. Eti ruhusa. Programu inaendeshwa kwa jina lake, diski imeandikwa jina langu, kwa hiyo imebisha hodi ndani ya nyumba yangu ikafungiwa mlango. Nikatafuta dawa, nikapewa namba: 777. Ukiitumia hiyo, yeyote aliyemo kwenye kompyuta anasoma, anaandika na anafuta atakavyo. Ni sawa na kufuli gumu ukalitibu kwa kung'oa mlango. Nikaung'oa.

Seva ikaona. Ikaona, lakini haikutambua, maana nayo inataka kila faili liwe na jina la filamu na mwaka wake kwenye mabano. Mimi majina yangu ni ya kibinadamu: "harusi mwisho", "harusi mwisho kabisa", "harusi hii ndiyo". Yenyewe inalichukua jina, inakwenda kuuliza intaneti, inarudi na bango la filamu inayodhani ndiyo hiyo. Video ya harusi yetu ikavishwa bango la jamaa kakunja uso, kashika bastola, nyuma yake nyumba inaungua. Nikaogopa kumwonyesha mama watoto. Akaiona mwenyewe. Akaitazama kwa muda, akasema, "Hapo haijakosea sana," akaenda zake.

(Dawa yake ni kuziweka video za nyumbani kwenye maktaba yao peke yao, uiambie seva hizi si filamu, usiziulizie popote. Nimelijua hilo mwezi wa tano. Lile bango nimeombwa nisiliondoe.)

Ya tivii sitaki hata kuyaanza. Tivii yangu haielewi mafaili ya H.265, namna mojawapo ya kubana video, kwa hiyo seva inalazimika kukaa katikati kama mkalimani, inaligeuza faili huku mnatazama. Laptopu ya uzee ule! Feni linavuma, watoto wanaongeza sauti kulishinda feni, kiduara kinazunguka, na jicho la nyumba nzima linanigeukia mimi. Zamani filamu ikikwama tulilalamika wote pamoja. Siku hizi analalamikiwa baba. "Baba, haifunguki." "Baba, imegoma." Niko bafuni, mlango unagongwa: "Baba, anwani imebadilika tena!" Hilo la anwani limewafundisha watoto msamiati. Rauta ndiyo inayogawa namba: jana seva ilikuwa 192.168.1.14, leo umeme ukikatika na kurudi inaamka 192.168.1.27. Imehama bila kuaga, na tivii inaendelea kugonga mlango wa nyumba ya zamani. Nikaingia kwenye rauta, nikaifungia namba yake. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyofanya ikakubali mara ya kwanza, na hakuna aliyekuwepo kushuhudia.

Sasa ndala.

Laptopu ukiifunika, inalala. Ukiiacha wazi, mama watoto anasema inakaa juu ya kabati kama kitu kilichoshangaa. Nikaambiwa kuna faili la mipangilio, unabadilisha neno moja tu, unaweza kufunika na bado ikafanya kazi. Nikalibadilisha. Ikalala vilevile. Wiki tatu baadaye ndipo nikajua kwamba mstari ukiwa na # mbele yake, kompyuta inauruka, na mimi nilibadilisha neno nikaiacha # imekaa pale. Lakini wakati huo nilikuwa nimeshapata ufumbuzi wangu: ndala ya kushoto, imebanwa katikati ya kifuniko. Inafunika nusu, hailali. Mwezi wa nne huu, haijawahi kuniangusha.

Mpaka Jumamosi. Mama mkwe kaja, anataka kuiona harusi ya binti yake kwenye tivii kubwa. Wote tumekaa, taa imezimwa. Nikabonyeza. Seva haipatikani.

Nikazima rauta, nikawasha. Nikachomoa nyaya, nikazirudisha. Nikaihakiki ile anwani. Nikampigia shemeji, hakupokea. Robo tatu ya saa napambana na tivii na rauta, jasho linanitoka, na kabatini kwenyewe sijafika, kwa sababu laptopu haijawahi kuwa na kosa. Mwishowe nikapanda kiti. Kifuniko kimefungwa, kimelala kwa utulivu wa ajabu. Ndala haipo.

Nikageuka. Mama mkwe kanyoosha miguu sebuleni, kavaa ndala zote mbili.

"Aa, baba, hii moja nimeitafuta sana," akasema. "Nimeikuta imesokomezwa kwenye kompyuta yako huko juu. Wakanyeni hawa watoto, watakuharibia kitu cha thamani."

Watoto wakanitazama.

"Nitawakanya, mama," nikasema, nikaingia chumbani kutafuta kiatu.