Stakabadhi Imeliwa

Ninaandika haya nikiwa nimeketi barazani, nje ya nyumba niliyoijenga mwenyewe kwa fedha za korosho, kwa sababu ndani amelala mbuzi na nimeagizwa nisimwamshe.

Aliyeniagiza ana umri wa miaka 7. Alianza kwa vifaranga uvunguni, nikanyamaza. Akaleta bata, mama yake akamtoa. Kisha mvua za Desemba zilipotupiga hapa Newala, mbuzi wetu akazaa usiku, na binti yangu akanieleza kwa sauti ya bwana mifugo kwamba mwanambuzi akilowa siku ya kwanza hufa kwa baridi. Ubaya ni kwamba ni kweli. Nikaruhusu usiku mmoja. Usiku huo sasa una wiki ya sita.

Jana Zawadi, maana huyo mwanambuzi ana jina, amekula stakabadhi yangu ya korosho, karatasi ya kuonyesha mzigo niliopeleka ghalani, niliyoificha chini ya mto, wakati malipo yenyewe mnajua yanavyosubiriwa. Nilivaa kanzu, nikafunga kwenye leso kipande kilichosalia chenye nusu ya muhuri, nikaenda kwa karani wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima kama mtu mwenye heshima zake.

"Imepotea?" akaniuliza.

"Haijapotea. Ninajua ilipo."

"Iko wapi?"

"Tumboni mwa mbuzi."

Akakigeuza kile kipande, akakinusa. "Mbuzi alifikaje kwenye nyaraka?"

"Hakuzifuata, bwana. Analala nazo."

Karani akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mlinzi, nami nikatakiwa kurudia maelezo tangu mwanzo huku foleni nzima ikisogea kusikiliza. Mzee mmoja akashauri tusubiri hadi asubuhi, kwa kuwa kiingiacho kwa mbuzi lazima kitoke. Ndugu zangu, tangu stakabadhi ghalani zianze mwaka 2007 sijawahi kupoteza hata moja! Mchwa nimewashinda, panya nimewashinda, leo ninaaibishwa na kiumbe kinachofunikwa khanga yangu ya wageni!

Nilirudi nimeazimia kuchinja. Nikamkuta binti akilia, akaniuliza kama wino una sumu, maana Zawadi tangu asubuhi hajanyonya. Nikajikuta ninamshika mbuzi tumbo.

Mvua inaanza tena. Lile banda nililomjengea kwa mabanzi naona limejaa kuku wa jirani, lakini wakijisogeza kidogo nitaenea.