Diwani akiondoka, kiti ni cha nani?

Kila ukitangazwa uchaguzi mdogo wa diwani, vijiweni Arusha swali ni lilelile: hela zote hizi za nini? Diwani wa viti maalumu akifariki, Tume ya Uchaguzi huteua mwingine kutoka orodha ya chama chake, basi. Kwa nini kiti cha kata kisijazwe hivyohivyo?

Wanaouliza wana kumbukumbu. Novemba 26, 2017 kata 43 nchini zilipiga kura, zikiwemo za Arumeru ambako madiwani wa Chadema walikuwa wamejiuzulu na kuhamia CCM. Chadema ikajitoa Arumeru siku ileile ya kura, na CCM ikazoa kata 42. Mwaka uliofuata, mbunge wa Monduli naye akahama, akagombea kiti kilekile kwa chama kipya, akashinda. Mpiga kura anayesema amechezewa, simbishii. Kwa utaratibu wa orodha, viti vile vingebaki Chadema.

Ila diwani wa kata hakutoka kwenye orodha. Alichaguliwa kwa jina lake na picha yake. Ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mvua ikizoa kalavati Muriet, yeye ndiye anayepigiwa simu, na ndiye wa kulisemea barazani. Mtendaji wa kata yupo, lakini ni mwajiriwa wa halmashauri, humng'oi kwa kura. Na orodha hupangwa na vikao vya chama. Asiye na kadi anaingilia wapi?

Halafu tunasahau haraka. Mwaka 2011 Chadema iliwafukuza madiwani wake watano wa Arusha, wanne wa kata na mmoja wa viti maalumu, kwa kukubali muafaka na CCM kuhusu umeya. Kwa orodha, chama kingemtoa diwani mkorofi asubuhi na kuweka mpole jioni, na CCM ingeweza vilevile. Badala yake, Julai 2013, baada ya kura kuahirishwa kwa bomu lililolipuka kwenye mkutano wa Chadema viwanja vya Soweto, Arusha, wakazi wa Elerai, Kaloleni, Kimandolu na Themi waliulizwa wenyewe. Kata zote nne zikarudi Chadema. Chama kilikipata kile ambacho orodha ingekipa, ila safari hii kwa ridhaa ya wenye kata. Gharama hiyo mimi naiona halali.

Cha kurekebisha ni mchezo wa 2017 na 2018: anayejiuzulu kwa hiari asigombee kiti alichokiacha hadi muhula uishe. Kuhama ahame, lakini uchaguzi wa kujaza pengo lake wagombee wengine.